Malipo ya wakurugenzi watendaji: uwezo, bahati au bodi?

Wanaotetea malipo makubwa ya wakuu wa kampuni za Marekani wana hoja nzito. Wachumi Xavier Gabaix na Augustin Landier walionyesha mwaka 2008 kwamba malipo hayo yalipanda takribani mara sita kati ya 1980 na 2003, na kwamba thamani ya kampuni zenyewe kwenye soko la hisa ilikua kwa kiasi hicho hicho. Kampuni ikishafikia thamani ya mabilioni ya dola, tofauti ndogo tu ya uwezo kati ya kiongozi na kiongozi huzaa faida au hasara kubwa, hivyo wanahisa wana sababu ya kumgombania aliye bora.

Hata hivyo, ukubwa wa kampuni haumalizi swali. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, katika utafiti wa mwaka 2001, walichunguza kampuni za mafuta, ambazo mapato yake hufuata bei ya dunia isiyopangwa na mkurugenzi yeyote. Bei ilipopanda, malipo ya wakuu hao yalipanda nayo, kana kwamba wao ndio walioipandisha. Walipopanua uchunguzi kwa kampuni nyingine, waligundua kuwa malipo hayo ya bahati yalikuwa madogo zaidi pale ambapo mwanahisa mkubwa aliketi kwenye bodi. Kwangu mimi huu ndio ushahidi wenye uzito kuliko wote, kwa sababu uwezo wa kiongozi haubadiliki kwa kuwa fulani ameingia kikaoni. Kinachobadilika ni ukali wa anayemhoji.

Utaratibu wa kupanga malipo nao unachangia. Kamati ya bodi huajiri washauri, washauri huchagua kampuni za kulinganisha, kisha kamati hulipa kiwango cha kati au zaidi kidogo, maana ni bodi chache zinazokubali kiongozi wao aonekane wa chini. Wengi wakifanya hivyo, kiwango cha kati chenyewe husogea juu kila mwaka.

Tanzania ilijaribu njia nyingine mwaka 2016, Rais John Magufuli alipotangaza ukomo wa shilingi milioni 15 kwa mwezi kwa wakuu wa taasisi za umma. Ukomo huo uliwabana waliojipangia makubwa, na hilo lilistahili. Lakini ulimpima kwa kipimo kimoja aliyefufua shirika na aliyelizamisha, kazi ambayo bodi huru ingeweza kuifanya kwa haki zaidi.