Kabla ya kujenga gati, nani atazamwe?

Muulize mama anayeshuka botini Lamu kama ngazi za gati zinamfaa, na huenda akajibu, "Hazina neno." Mtazame maji yakiwa yamekupwa: mkono mmoja umekusanya buibui, wa pili umembeba mtoto, na mguu unapapasa ngazi yenye utelezi. Taabu ikishazoeleka haitajwi. Kwa hiyo wanaosema msanifu awatazame watu kabla ya kuchora, nawaunga mkono kwa moyo wote.

William H. Whyte, mtafiti Mmarekani wa maisha ya mijini, alifanya hivyo New York miaka ya 1970, akipiga filamu viwanja vilivyo mbele ya maghorofa. Vingine vilijaa, vingine vikabaki vitupu, na sababu kubwa aliyoiona ni kwamba watu huketi palipo na pa kuketi. Mwaka 1975 jiji likabadili kanuni za viwanja hivyo.

Lakini jicho humwona aliyekuja tu. Msanifu akikaa ufukoni Lamu jioni, ataona wanaume barazani na kuamua kwamba wanawake hawapahitaji pale. Kumbe wako wanaopita vichochoro vya ndani kwa kuyakimbia macho hayo hayo ya barazani. Akijenga kwa alichokiona, atakuwa amewafungia nje kwa zege. Tena akija siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, bamvua hataijua, na bahari yetu wakati huo wa bamvua hushuka mita 3 na zaidi.

Kuna na suala la sitara. Whyte mara nyingi alipiga picha bila wapitaji kujua. Katika mji ambao mgeni huishia dakani, yaani kwenye ukumbi wa mlangoni, mpaka akaribishwe ndani, kamera ya siri ni kuvunja heshima. Watetezi wake husema mtu akijua anatazamwa hubadilika. Ni kweli, ila si kwa muda mrefu: mwenye punda wa saruji hawezi kujipamba kutwa nzima, mzigo utamrudisha kwenye mwendo wake.

Mimi naona mtazamaji ajulikane, akae kaskazi na kusi, na awe na wanawake wa mji watakaoingia majumbani kuwauliza wasiokuja gatini wanazuiwa na nini. Gharama itapanda, sikatai. Basi wafadhili waitenge fedha hiyo kabla ya zabuni, maana mkandarasi akishaanza kumwaga zege hakuna atakayekubali kuhamisha ngazi.