Beki ana sanamu Wolverhampton, wetu hata jukwaa hana

Kwa kuwaenzi mabeki, Waingereza wametuacha mbali sisi Watanzania. Hapa Wolverhampton ninapoishi, siku ya mechi pale Molineux, uwanja wa klabu ya Wolves, utawakuta wazazi wanawapiga picha watoto mbele ya sanamu ya Billy Wright. Jukwaa lililo nyuma yake nalo lina jina lake. Na hakuwa mfungaji, alikuwa beki.

Huyu bwana aliingia Wolves mwaka 1938 akiwa kijana wa kazi za uwanjani, na meneja Frank Buckley nusura amrudishe kwao kwa sababu ya kimo chake kifupi. Futi 5 na inchi 8! Lakini kwenye Kombe la Dunia la 1954 kule Uswisi alitolewa kiungo akawekwa sentahafu, yaani beki wa kati, na hapo ndipo akabaki, akiruka na mastraika warefu na kuwanyang'anya mipira ya juu kwa kujua wakati wa kuruka. Alicheza mechi 105 za England, 90 akiwa nahodha. Hakuna mwanasoka duniani aliyefikisha 100 za timu ya taifa kabla yake. Akaipa Wolves Kombe la FA 1949 na ubingwa wa ligi 1954, 1958 na 1959.

Alistaafu 1959, wakati mchezaji haruhusiwi kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki; kikomo hicho kilifutwa 1961. Kwa hiyo anayeniambia wanawaenzi mabeki kwa sababu "Wazungu wana hela" sikubaliani naye. Kuweka hesabu ya mechi za mtu ni kazi ya kalamu na daftari.

Sisi tunaye Leodegar Tenga, beki na nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos 1980, fainali zetu za kwanza za Afrika, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Vijana wengi wanamjua kama rais wa zamani wa TFF, shirikisho letu la soka, basi. Viwanja vyetu ni Mkapa, Sokoine, Ali Hassan Mwinyi: wanasiasa watupu.

Nyumbani tuna kitu ambacho huku sikioni: mchezaji wa zamani yupo kijiweni, anakunywa kahawa, anakusimulia mechi ya mwaka 1974 mpaka rangi ya soksi. Utajiri huo unazikwa naye. Simba na Yanga zina wapiga picha na kurasa za mitandaoni zenye wafuasi lukuki. Ziwatume vijiweni msimu huu wakawarekodi wazee wetu, na waanze na mabeki.