Seva ya Barua Malindi: Itume Yenyewe au Ipitishe kwa Mwingine?

Kampuni yenye seva yake ya baruapepe ikianza kulalamikiwa kwamba barua hazifiki, ushauri wa haraka huwa mmoja: izimeni, hamieni kwenye huduma ya kulipia kila mwezi. Kwa hoteli ya Malindi, ambayo uthibitisho wa chumba ukikwama wakala wa Milan humpeleka mgeni kwingine, ushauri huo unavutia. Lakini unachanganya mambo mawili. Visanduku vya wafanyakazi vikae wapi ni jambo moja. Barua itoke kwa njia ipi ni jambo jingine, na hitilafu nyingi za kutuma zimo katika hilo la pili.

Kabla ya kuamua lolote, soma logi, yaani kumbukumbu za seva. Kwenye Postfix, programu ya seva ya barua, kwa kawaida iko /var/log/mail.log, na foleni huonekana kwa postqueue -p. Ukiona "Connection timed out" kuelekea poti 25 (mlango ambao seva hupelekeana barua) ya kila kikoa, yaani jina la baada ya @, huenda mtoa huduma wa intaneti ameifunga poti hiyo, na ukuta wa moto wa ofisini nao uangaliwe. Jibu linaloanza na 4, kama 421 au 451, ni kukataliwa kwa muda. Postfix itajaribu tena yenyewe. Linaloanza na 5 ni la mwisho: 550 5.1.1 ni anwani isiyokuwepo, 5.7.1 mara nyingi ni sera au sifa mbaya ya IP (anwani ya mtandao) yako, na 5.7.26 kutoka Gmail ni kwamba uthibitisho wa mtumaji haukupita. Kulazimisha foleni kwa postqueue -f kila dakika hakuondoi sababu hata moja kati ya hizo, na mpokeaji anayekuzuia kwa muda atazidi kukushuku.

Kuna hitilafu moja inayosumbua sana kwa sababu huja na kuondoka. Ofisi ina laini mbili: faiba, na modemu ya simu ya akiba. Faiba ikikatika, ruta inahamia kwenye simu na kila mtu anaendelea na kazi. Seva nayo inaendelea kutuma, ila sasa inatokea kwenye IP ya pamoja ya mtandao wa simu: haimo kwenye SPF (orodha ya IP zinazoruhusiwa kutumia jina la kikoa chako), jina lake la kinyume (PTR) halilingani na seva, na IP za aina hiyo huorodheshwa na Spamhaus, shirika la kupambana na barua taka, kwenye orodha yake ya PBL kuwa hazipaswi kutuma barua moja kwa moja. Barua zinarudi papo hapo. Faiba ikirejea, fundi anajaribu, zinakwenda, anaondoka akiamini hakuna tatizo. Linganisha saa za majibu ya 550 na saa za kukatika kwa faiba, utaliona.

Hapa ndipo kupitisha barua kwa huduma ya kutuma barua kunaposhinda. Kwenye mipangilio ya Postfix, weka relayhost (seva ya kupitishia barua) yenye jina la huduma ndani ya mabano ya mraba na poti 587, washa smtp_sasl_auth_enable, elekeza smtp_sasl_password_maps kwenye faili ya nywila, na smtp_tls_security_level iwe encrypt. Faili hiyo ipigiwe postmap (amri ya kuigeuza iweze kusomwa na Postfix) na isomwe na root peke yake. Toka hapo, IP ya ofisi haina uzito mkubwa tena. Utatoka kwa faiba au kwa simu bila tofauti.

Hata hivyo upande wa pili una hoja nzito. Seva ikituma yenyewe, logi yako inaonyesha jibu la 250 (barua imepokelewa) kutoka kwa mpokeaji mwenyewe. Ukipitisha kwa mwingine, 250 unayoiona ni ya huyo wa katikati tu. Yaliyofuata yako kwenye ukurasa wake. IP zake unachangia na wateja usiowajua. Na nywila ya mfanyakazi mmoja ikiibwa, huduma inaweza kuwafungia nyote kutuma.

Wala kuhama hakuponyi DNS (rekodi za kikoa chako) mbovu. Kosa la kawaida ni kuongeza rekodi ya pili ya SPF badala ya kutia include (neno la kuitaja huduma) ndani ya ile iliyopo: zikiwa mbili, SPF yote inahesabiwa kosa. Include nazo zisipitishe jumla ya maulizo 10 ya DNS. Hakikisha pia DKIM, sahihi ya kidijitali ya barua, inatiwa kwa kikoa chako, si cha huduma peke yake, la sivyo haitakusaidia kwenye DMARC, sera inayodai SPF au DKIM ilingane na kikoa cha mtumaji.

Msimamo wetu: bakisha visanduku ofisini kama kuna mtu wa kuitunza seva, lakini barua zitoke kupitia huduma. Matangazo ya kufungua hoteli baada ya masika yatengewe kikoa kidogo (subdomain) chake. Tangu Februari 2024, Gmail inadai SPF, DKIM na DMARC kwa anayetuma kwake barua 5,000 au zaidi kwa siku, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Na kikoa kilichonyamaza tangu Aprili kisha kikamwaga maelfu kwa asubuhi moja kinajiharibia sifa, awe nani anayekitumia. Anza na mamia machache, uongeze kila siku.

Na kwa njia yoyote utakayochagua, badilisha delay_warning_time iwe 4h. Ilivyo kwa kawaida imezimwa, na Postfix hushikilia barua iliyokwama hadi siku 5 bila kumwambia aliyeituma neno lolote.