Ndege wengi si aina nyingi: Mwanza nilikotoka na Berlin ninakoishi

Huu ni mwaka wangu wa nane Berlin, na bado nasikia watu wakisema Mwanza kuna ndege wengi. Januari theluji ikianguka na miti ikibaki vijiti vitupu, bibi mmoja jirani yangu hutundika barazani madonge ya mafuta yaliyochanganywa na mbegu za alizeti, na ndege huyagombania kutwa nzima. Mjini kuna joto zaidi kidogo kuliko mashambani, na chakula hakikosekani. Yuko ndege mweusi mwenye mdomo wa manjano, Wajerumani humwita Amsel. Zamani alikuwa wa msituni. Siku hizi amejaa mjini, na wengi wao baridi haiwahamishi tena.

Mei ikiingia, hesabu hubadilika. Majani mapya huleta viwavi, viwavi hulisha makinda, na penye kijani kingi ndipo utasikia sauti za kila namna. Kwenye lami na vioo vitupu hubaki njiwa na shomoro.

Kwetu Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, hakuna theluji. Kinachogeuza mwaka ni mvua. Nilirudi mtaani kwetu Nyegezi Agosti moja, kiangazi kimekaza, nyasi za mlimani zimekuwa rangi ya mkeka. Nikaenda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Korongo wale wakubwa wenye mfuko shingoni wamejipanga kandokando ya meza za samaki, mwewe wanazunguka juu, kunguru wanavuta matumbo ya sangara. Hao hawapungui, iwe kiangazi iwe masika, maana riziki yao haitoki kwenye jani, inatoka kwenye taka zetu. Anayesema Mwanza kuna ndege wengi hajakosea. Mimi nauliza: wa aina ngapi? Ni wale wanaokula taka tu ambao jiji limewafutia kiangazi. Anayeishi kwa mbegu za nyasi na wadudu wa vichakani, kila kiwanja kinachomwagwa zege kinampunguzia siku za kuishi.

Mtazame kwera, yule mdogo wa njano. Dume huchana ukanda mmoja wa jani bichi, hurudi nao mdomoni, huupitisha na kuufunga fundo kwa mdomo na mguu, na kazi hiyo huirudia mamia ya mara. Jike huja kukagua. Kiota kikishakauka na kuwa cha kahawia, hakitaki. Dume hukibomoa aanze upya. Ndiyo maana kwera husubiri mvua. Bila jani bichi hakuna kiota, na bila wadudu wa masika hakuna cha kuwalisha watoto.

Nyumbani kwetu walikuwa kwenye mwarobaini wa mpakani. Aprili moja aliyenunua kiwanja cha jirani akaukata, viota vikiwa vinaning'inia. Mama alinipigia simu usiku. "Mwanangu, nimeokota makinda kwenye ungo, hayana hata manyoya." Hakuna hata moja lililofika asubuhi. Nilikaa na hasira siku nyingi, si kwa sababu mti ulikatwa, bali kwa sababu ungeweza kusubiri hadi Agosti.

Hapa Ujerumani sheria inakataza kufyeka ua wa miti na vichaka kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Septemba. Kupogoa kidogo tu kunaruhusiwa. Kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Tempelhof, uliofungwa mwaka 2008 na sasa ni bustani ya wananchi, sehemu za nyasi huzungushiwa uzio majira ya kutaga ili vipozamataza walee watoto wao chini. Watu wanaendesha baiskeli pembeni, na hakuna aliyepungukiwa kitu.

Nasi hatuko mikono mitupu. Kisiwa cha Saanane, kinachoonekana ukisimama Capri Point, mtaa wa Mwanza ulio kando ya ziwa, ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa ziwa. Humo ndimo yalimo mafunjo, na mafunjo hubaki kijani hata vilima vikikauka, kwa kuwa mizizi yake iko majini. Kuna ndege wa kanda hii ya ziwa ambao makazi yao ni mafunjo, hawahamii kwenye mwembe wala kwenye paa la bati. Natamani jiji lisimamie mita hizo kwa dhati, halafu tuongeze na kalenda ya kukata miti inayofuata mvua zetu, siyo majira ya Wajerumani.

Nayasema haya sasa kwa sababu kwenye mafunjo ya chini ya mtaa wetu vimechomekwa vigingi vyenye rangi nyekundu. Juzi nilimwomba mama ashuke akahesabu hatua, kutoka majini hadi kigingi cha kwanza. Alitembea polepole, simu mkononi, akihesabu kwa sauti ili nisikie. Alifika kwenye kigingi akiwa na hatua thelathini na moja.