Kabla ya kununua karo, gonga sakafu

Ndani ya miaka minane tulibandika karo mpya bafuni mara mbili, na mara mbili ziling'oka palepale, kati ya choo na mlango, mahali penye upana wa sinia. Mara ya tatu nilikuwa nimeshatenga pesa za karo nyingine zenye maua nilizoziona dukani Nyawera. Fundi mzee aliyeletwa na shemeji yangu akakataa kuzibandika. Alipiga magoti, akageuza mwiko, akaanza kugonga sakafu kwa mpini wake wa mbao, karo moja baada ya nyingine. Upande wa dirisha sakafu ilijibu ko, ko, ko. Alipokaribia choo sauti ikawa bu, bu, kama ngoma iliyolegea.

"Mama, sikia mwenyewe," akaniambia. "Huku chini hakuna udongo. Karo zako zimelala juu ya hewa."

Nyumba yetu iko Nguba. Ni ya wakati wa Wabelgiji, na kama nyumba nyingi za hapa Bukavu imekaa ubavuni mwa mlima. Mlimani mjenzi hukata ardhi upande wa juu, na udongo aliouchimba huumwaga upande wa chini ili apate kiwanja. Kwa hiyo nusu ya nyumba inakalia ardhi ngumu, na nusu inakalia udongo wa kumwagwa ambao huendelea kushuka kidogo kidogo. Zinapokutana nusu hizo ndipo ufa hupenda kutokea. Kwetu zinakutana bafuni. Ufa huo tuliuona baada ya tetemeko la Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, lile la ukubwa wa 5.9. Tuliuziba kwa saruji, tukapaka rangi, tukausahau.

Fundi alitufanyisha mambo matatu kabla ya kuvunja chochote, nami nayaeleza kwa sababu hayahitaji pesa. Kwanza tulifunga robine (koki) zote za nyumba usiku, wakati maji yapo, tukatazama kigurudumu kidogo cha mita. Kikizunguka huku kila kitu kimefungwa, tuyo, yaani bomba, ya kuleta maji inavuja. Chetu kilisimama. Kisha tukaziba tundu la dushi kwa tambara lililofungwa ndani ya plastiki, tukamwaga maji kimo cha vidole viwili, tukachora mstari wa penseli ukutani. Asubuhi maji yalikuwa yamepungua kiasi cha unywele tu. Maana yake maji hayakuwa yakipenya kwenye karo wala kwenye maungio yake. Ilibaki tuyo ya kutoa maji machafu.

Hapo ndipo alipoomba buluu, ile ya kufulia nguo nyeupe. Aliikoroga ndani ya ndoo, akaimwaga yote chooni, akafuatisha ndoo nyingine mbili za maji. Tukakaa. Haikufika saa moja, jirani wa chini akaita kutoka kwake: "Jirani! Jirani, kuja uone!"

Niliteremka ngazi. Jiko lake limeegemea ukuta wa mawe unaoshikilia parsele yetu, yaani kiwanja chetu. Katikati ya mawe mawili, juu kidogo ya pale alipokuwa akiweka gunia lake la makaa, ulikuwa unatoka uzi wa maji ya buluu. Hilo gunia alikuwa amelihamisha tangu mwaka uliopita, kwa sababu makaa yalikuwa yakilowa hata wakati wa kiangazi. Aliniambia hivyo bila hasira. Kumbe alidhani ni chemchemi ya mlimani. Nilisimama pale nikaona aibu ambayo sijaisahau: maji ya choo changu, jikoni kwa mwenzangu, kwa muda wote huo, na mimi nikichagua karo za maua.

Tuyo ya zamani ilikuwa imepasuka pale inapovuka msingi. Kila tulipomwaga maji, kiasi fulani kilitokea kwenye ule ufa, kikauchukua udongo wa kumwagwa kikaushusha bondeni, chembe kwa chembe, mpaka chini ya sakafu pakawa pango. Juu ya pango hilo tulikuwa tumeweka pipa la maji la lita 200, maana bomba likikauka siku mbili lazima uwe na akiba. Likijaa, pipa hilo lina uzito wa kilo 200 na zaidi. Hakuna gundi ya karo inayoweza kubeba mzigo huo bila kitu chini yake.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza ninapoona nyumba ya zamani "imetengenezwa" kwa karo zinazong'aa juu ya sakafu inayolia bu, bu. Mji wetu umejengwa juu ya udongo wa mfinyanzi. Kule Funu, Kadutu, ardhi yenyewe inateleza polepole na nyumba zikiwa juu yake, na udongo wa namna hii ukishiba maji unakuwa mzito na mlegevu. Bafu linalovuja kwenye mteremko si siri ya mwenye bafu. Linalisukuma ukuta wa anayeishi chini.

Kazi yenyewe ilichukua wiki tatu. Tulivunja matabaka yote mawili ya karo za juu, na chini yake tukaikuta granito ya zamani, ile sakafu ya saruji yenye vipande vya mawe, ngumu bado, nzuri kuliko chochote tulichoifunika nacho. Ilitubidi kukata kipande tu, hadi kwenye tuyo. Tuyo mpya ya plastiki ikalazwa kwa mteremko wa sentimeta 2 kila mita. Pango likajazwa mawe na udongo kwa matabaka, kila tabaka likishindiliwa kabla ya jingine, halafu zege yenye chuma, sentimeta 10. Fundi alilimwagia zege maji siku saba, asubuhi na jioni, na akakataa katakata pipa lirudi kabla ya siku 28. Watu tisa tulikuwa tukioga kwa shemeji. Ilichosha, sitaficha. Granito iliyobaki ilisuguliwa kwa jiwe, na pale palipokatwa tukaweka karo za ngozi ya kukwaruza, maana zile za kung'aa zikilowa sabuni zinaangusha wazee.

Kwa wapangaji nina neno moja. Siku unapotembezwa nyumba, kabla hujatoa garanti, ile kodi ya miezi inayowekwa kama dhamana, ingia bafuni na ufunguo wako, uchuchumae, ugonge kuzunguka choo. Mwenye nyumba akikuuliza unafanya nini, mwambie. Asiyetaka ugonge, anajua utakachosikia.

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha kuanzia saa nane mpaka usiku. Asubuhi niliteremka kwa jirani na chupa ya maziwa, nikaupapasa ukuta wake kwa kiganja. Mkavu. Gunia la makaa limerudi mahali pake.