Sentimita 6.4

Sudan, faru mweupe wa kaskazini dume wa mwisho, alipokufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, Kenya, Machi 2018, wengi walimlilia, kisha wakafunga hesabu. Faru weupe wa kaskazini wamebaki wawili, majike watupu: bintiye Najin na mjukuu wake Fatu. Tangu hapo kila habari ya viinitete vya maabara, yaani mimba changa zinazotungwa nje ya tumbo ili kuuokoa ukoo huu, hupokewa na swali lile lile: fedha hizo si zingelipa askari wa kulinda faru walio wengi bado?

Swali si la kijinga. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 ujangili ulikuwa umewaacha chini ya 400. Leo wamepita 1,000, na kilichowarudisha ni uzio, bunduki na doria za usiku. Halafu kuna mbuga ya Garamba, huko Kongo, walikomalizwa hawa wa kaskazini. Mwaka 2023 walipelekwa huko faru weupe 16 wa kusini, ndugu zao wa karibu. Nyasi zimepata mlaji. Huyo wa kaskazini arudi kufanya nini?

Ila wanaouliza hivyo huzungumza kana kwamba mfuko ni mmoja. Wizara ya utafiti ya Ujerumani, mmoja wa wafadhili wa mradi wa viinitete, ilitoa fedha za sayansi. Ufunge mradi leo uone kama kuna askari wa Laikipia atakayeongezewa mshahara. Tena tusisahau kwamba bila kizimba tusingekuwa na hata hao wawili wa kubishania: Najin na Fatu walizaliwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki, wakaletwa Kenya mwaka 2009 wenzao wa porini wakiwa hawaonekani tena.

Kuna jambo la mwaka 2023 ambalo naona limepitwa haraka mno. Septemba, katika jaribio la 13, kiinitete cha faru wa kusini kilichotengenezwa maabara kilipandikizwa kwa jike wa kusini hapo Ol Pejeta, kwa majaribio, na mimba ikashika. Novemba yule jike akafa. Mvua kubwa ilikuwa imefurisha boma na kuibua bakteria wa udongoni. Walipompasua walikuta kijusi dume cha siku 70, urefu wake sentimita 6.4, kiasi cha kidole gumba. Habari ikasomwa kama msiba, na msiba ulikuwepo. Lakini mama aliuliwa na bakteria. Kijusi chenyewe kilikuwa kinakua vizuri. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba kiinitete cha maabara kinaweza kushika katika tumbo la faru.

Kinachonikosesha raha mimi ni kingine. Mwanzoni mwa 2024 viinitete vya faru wa kaskazini vilivyogandishwa vilikuwa kama 30, na mayai yote ni ya Fatu. Ukoo mzima kwa mama mmoja! Seli za faru 12 zimehifadhiwa San Diego, Marekani, na wapo wanaojaribu kuzigeuza mayai na mbegu, ila njia hiyo ni ndefu.

Na ndama hafundishwi ufaru na daktari. Anahitaji wakubwa wa jamii yake wa kuwafuata nyuma. Mimba ya faru ni miezi 16. Na wakubwa hao wanazeeka: Najin alizaliwa mwaka 1989, na miguu yake ya nyuma imekwisha kuwa dhaifu.