Gitaa la kukodiwa si usaliti, lakini hoteli si ziara

Kila bendi changa ya Unguja inapoondokewa na mpiga gitaa wake, ubishi huwa uleule. Wapo wanaosema kijana kawauza wenzake: bendi ina nyimbo zake, mazoezi yamekwenda miezi, kaitwa na msanii wa Dar es Salaam, kapanda boti kenda zake. Wapo wanaomtetea: ana kodi ya nyumba, ana wazee wanaomtegemea, na nyimbo hizo hazijawahi kumrudishia hata nauli. Pande zote mbili nazisikiliza kwa heshima, maana wanaobishana ni wanamuziki wenyewe. Ila naona wanachanganya mambo mawili yasiyofanana: kupiga ziarani na kupiga hotelini.

Wanaolaumu wana hoja nzito. Katika bendi huru za roki, zile zinazojisimamia bila kampuni kubwa, mpiga gitaa huwa si fundi wa kuja kujaza nafasi. Mara nyingi nusu ya wimbo imetoka vidoleni mwake. The Smiths wa Manchester walianza mwaka 1982, na Johnny Marr ndiye aliyetunga muziki huku Morrissey akiandika maneno. Marr alipoondoka mwaka 1987, akiwa na miaka 23, bendi ilikufa mwaka huohuo. Kuna na suala la haki: mirabaha, yaani malipo ya wimbo kila unapotumika, humfuata mtunzi, ndiyo kazi ya COSOZA, chombo cha hakimiliki hapa kwetu Zanzibar, wakati mpigaji wa kukodiwa hupewa ujira wa usiku ule na hesabu ikafungwa. Anayeacha kutunga nyimbo zake akapige za mwengine anaacha na kipato cha uzeeni.

Lakini tumfuate Marr huko alikokwenda. Alipiga na bendi ya The The, baadaye akajiunga na Modest Mouse wa Marekani, kisha The Cribs wa Uingereza. Mwaka 2007 albamu aliyorikodi na Modest Mouse ilishika namba moja Marekani, jambo ambalo The Smiths hawakulipata kamwe. Mwaka 2013, akikaribia miaka 50, akatoa albamu ya kwanza kwa jina lake pekee. Na kwa Modest Mouse hakuwa kibarua: aliingia kama mwanabendi na akatunga pamoja nao.

Wapo pia wanaobaki wa kukodiwa maisha yao yote, na sioni aibu yoyote hapo. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, alizaliwa hapa Unguja mwaka 1946, na leo watalii wanamiminika kwenye makumbusho yake Shangani. Wangapi wanajua kuwa tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la hisani la Live Aid, uwanjani Wembley, London, Queen walikuwa na mtu wa tano jukwaani? Ni Spike Edney, mpiga kinanda aliyekodiwa mwaka 1984 kwa ajili ya ziara. Miongo kadhaa baadaye alikuwa bado anapiga na Queen. Hiyo ni kazi kamili, na inataka masikio na nidhamu ambayo wengi wenye bendi zao hawana.

Sasa tuje mahotelini, maana huku ndiko vijana wetu wengi wanakoishia, na ndiko ubishi unakopotea njia. Mpiga gitaa anafika Nungwi au Paje kabla ya magharibi. Anapima mitambo, anaambiwa apunguze sauti watu wanakula, halafu anapiga orodha ileile ya juzi. Nyuzi zinashika kutu kwa upepo wa chumvi, na za kubadilisha si rahisi kuzipata dukani. Pesa ni halali, nyumba nyingi za mjini zinakula kwa pesa hiyo. Tatizo ni kwamba wageni hubadilika kila wiki, kwa hiyo nyimbo hazina haja ya kubadilika. Baada ya misimu miwili mkono hauongezi kitu. Ziarani mambo ni kinyume: unakutana na mpiga dramu anayegawa mapigo usivyozoea, unajifunza nyimbo ishirini kwa siku chache, unarudi mtu mwengine. Kuziita kazi hizi mbili kwa jina moja ni kumdhulumu kijana anayetafuta ushauri.

Halafu hoteli yenyewe si ya kutegemewa mwaka mzima. Masika wageni wanapungua, baadhi ya hoteli zinafunga. Ramadhani muziki unanyamaza, na mwenye gitaa hana ujira.

Wapo watakaotaja Sauti za Busara, na kweli tamasha hilo, tangu mwaka 2004 pale Ngome Kongwe, limewapa heshima wapigaji kwa kusisitiza muziki wa moja kwa moja. Lakini ni siku chache za Februari, na mwaka 2016 halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha. Mimi huangalia zaidi Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichopo tangu 1905. Wanachama wake wengi walikuwa na kazi zao mchana na taarabu yao jioni. Mmoja akisafiri, chama hakivunjiki, kwa sababu hakikujengwa juu ya tumbo la mtu mmoja. Bendi zetu za vijana zingeiga hapo.

Kwa hiyo nipo upande wa anayeondoka, kwa masharti. Kabla hajapanda boti, nyimbo walizotunga pamoja zisajiliwe kwa majina ya wote waliozitunga. Anayemwita amlipe siku za mazoezi pia, si za jukwaani tu, amlipie nauli ya kwenda na kurudi, na jina lake litajwe kwenye kila alichorikodi. Kwa anayebaki hotelini, nadai jambo moja: nusu saa ya nyimbo za bendi yenyewe kila usiku wanaopiga. Mameneja watasema wageni wanataka wanachokijua. Mgeni aliyevuka bahari kuja Zanzibar anaweza kusikia anachokijua akiwa kwao. Nusu saa hiyo iandikwe kwenye mkataba wa msimu, na iandikwe kabla ya Juni, hoteli zinapoanza kujaa na meneja akiwa bado anamhitaji mpigaji.